Ruhusa ya Wote

Pale hospitali walimwita Bi Kufuli, na si kwa kumpenda. Kazi yake ilikuwa kutunza hifadhidata, ile ghala ya kompyuta ambamo majina ya wagonjwa, dawa zao na zamu zao za matibabu hupangwa katika majedwali, na kusimamia nani anaruhusiwa kugusa nini. Karani wa mapokezi alipewa jukumu la mapokezi: asome, aandikishe mgonjwa mpya, basi. Muuguzi alikuwa na jukumu lake, mfamasia na lake. Mtu akija mlangoni na kubembeleza, "Dada, nifungulie kidogo tu, nina haraka," jibu lilikuwa lile lile: "Haraka yako isiwe ajali ya mwenzako. Lete sababu." Wakamcheka, wakasema hata mumewe alikimbia kwa kuombwa sababu kila akitaka kutoka. Mume kweli aliondoka, ila hiyo haikuwa sababu. Bi Kufuli aliyasikia yote akayameza pamoja na chai.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, kinyozi, aliyebaki mikononi mwake tangu wazazi wao walipofariki. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye maneno mengi na mikono myepesi, mpaka figo zake zilipokufa. Toka hapo uhai wake ukategemea mashine ya kusafisha damu, katika wodi moja ya hospitali ile ile. Mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Kinyozi hakuwa na zamu kamili. Alisubiri mtu akosekane ndipo akalie kiti chake. Siku nyingine alirudi bila kusafishwa, uso umejaa, akitania kwamba leo amenenepa bila kula.

Dada yake hakumwombea upendeleo hata siku moja. Si kwamba moyo haukumsukuma. Kuna asubuhi alikaa mbele ya jedwali la zamu, akatazama jina la mdogo wake kule chini kwenye orodha ya wanaosubiri, akajua vidole vyake vingeweza kulipandisha na asijue mtu. Akainuka akaenda kunawa uso.

Kisha ikatokea nafasi. Sista wa wodi alimwita kinyozi akamwambia kuanzia sasa ana zamu kamili, kiti cha dirishani. Kilikuwa kiti cha fundi cherehani, mama mmoja mcheshi aliyekuwa akimgombeza kila wakikutana kwa kunywa maji kupita kiasi.

"Na jirani yangu je?" kinyozi akauliza.

"Jina lake halimo tena," sista akasema. "Labda kahamia hospitali nyingine."

Fundi cherehani hakuhama popote. Alikuja siku yake kama kawaida, akasimama kwenye dirisha la mapokezi. Karani akatafuta, akatafuta tena. "Mama, jina lako halimo. Mwone daktari akuandikie upya." Daktari hakuwepo. Mama akarudi nyumbani. Alipokuja mara ya pili alikuwa anahema akiwa amesimama, na bado jina halikuwemo, na daktari alikuwa kwenye chumba cha upasuaji. Akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka mapokezi yakafungwa. Alifariki nyumbani kwake, mumewe akiwa nje anatafuta gari.

Mume huyo alikuja hospitali na kadi ya matibabu ya mkewe, akaketi mlangoni kwa mkurugenzi akakataa kuondoka. Ndipo watu walipoanza kuangalia. Wakagundua si fundi cherehani peke yake. Majina mengine kadhaa yalikuwa yametoweka katika jedwali la zamu, na hakuna aliyejua yalikwenda wapi.

Bi Kufuli aliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Walikuwemo pia mkuu wa mifumo, ambaye ndiye bosi wake, na mkaguzi wa ndani, mzee mkimya mwenye miwani mizito.

"Nani anaweza kufuta jina kwenye jedwali lile?" mkurugenzi akauliza.

Mkuu wa mifumo akakohoa. "Ruhusa ya kufuta anayo yeye."

"Na kiti cha marehemu kakipata nani?"

Mkaguzi akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma, "Ndugu yake."

Bi Kufuli akamgeukia mkurugenzi. "Mkurugenzi, sijafuta jina la mtu yeyote. Kama kungekuwa na kumbukumbu za nani kafanya nini, mngeona. Niliomba zitunzwe, nikaambiwa diski haitoshi."

"Kwa hiyo tukuamini tu?"

"Hapana, msiniamini. Orodhesheni. Toeni orodha ya watumiaji wote, majukumu yao, na ruhusa za kila jukumu. Mimi sitagusa. Mkaguzi ana akaunti yake ya kusoma, aulize yeye."

Alisema hivyo kwa kujiamini. Alijua lazima kuna mwanya mahali, na mwanya huonekana taa ikiwashwa. Mkaguzi akavuta kompyuta, akaandika taratibu kwa kidole kimoja kimoja, Bi Kufuli akimtajia maneno ya kuandika. Orodha ikashuka kwenye skrini. Karani: kusoma, kuingiza. Muuguzi: kusoma, kubadili. Mfamasia: kusoma. Programu ya kutuma ujumbe kwa wagonjwa: kusoma. Kufuta: Bi Kufuli, na akaunti kuu inayomiliki majedwali yote.

"Akaunti kuu je?" Bi Kufuli akauliza. "Neno lake la siri tunalo wawili."

"Mimi sijafuta jina la mtu," mkuu wa mifumo akasema. Na hakuwa anasema uongo.

"Basi angalia majukumu yaliyowekwa ndani ya majukumu mengine. Jukumu hurithi. Huenda karani amerithi kitu kwa mlango wa nyuma."

Mkaguzi akaangalia. Hakukuwa na mlango wa nyuma. Kila jukumu lilikuwa safi kama alivyoliacha mwenyewe.

Mkurugenzi akaegemea kiti. "Miaka yote unatuambia hakuna anayeweza kufuta ila wewe. Leo tukubishie?"

Mtu akianguka kwa kusukumwa, angalau hujua wa kumlaumu. Yeye alianguka kwa orodha aliyoidai mwenyewe. Walimvua kitambulisho shingoni palepale, akaunti yake ikafungwa, akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe.

Habari mbaya haina miguu lakini hufika. Alipoingia nyumbani, kinyozi alikuwa ameketi kitandani, simu mkononi. Mgonjwa mwenzake alikuwa ameshampigia.

"Dada, amekufa?"

"Amekufa."

"Na kiti nilichokuwa nakalia ni chake."

"Ndiyo, lakini si mimi niliye—"

"Subiri. Nitazame." Akamtazama. "Ulimfuta?"

"Sikumfuta. Haki ya wazazi wetu, sikumfuta."

Kinyozi akatikisa kichwa polepole. "Kukuamini nakuamini. Ila kiti kile sikikalii mpaka nijue kilifikaje kwangu."

Dada yake alidhani ni hasira za siku moja. Zamu yake ilipofika, kinyozi akageukia ukutani. Zamu ya pili nayo ikapita. Bi Kufuli alimbembeleza, akamfokea, akaficha birika la maji, akapiga magoti. "Unaniua na mimi," akamwambia. "Kwani wewe ukifa, yeye atafufuka?"

"Hafufuki. Lakini nikilala pale nitakuwa nauliza kila dakika kama damu inayorudi mwilini ni yangu au ni yake."

Miguu yake ilivimba mpaka ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Usingizi ulimkataa akilala chali, kwa hiyo alikaa ameinama juu ya mto, kifua kikipiga filimbi. Bi Kufuli alimpigia mkuu wa mifumo. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakatwa mapema zaidi. Akaanza kujishuku mwenyewe. Je, kama kweli ni yeye? Kama asubuhi moja ya uchovu vidole vilitangulia akili, vikaandika amri isiyo yenyewe? Aliipitia kila siku ya kazi anayoikumbuka, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyopoteza uhakika, mpaka akawa anajiona mbele ya skrini akifanya jambo ambalo hakulifanya. Mtu akiambiwa sana kwamba ni mwizi, hufika mahali akapapasa mifuko yake.

Alipoona mdomo wa mdogo wake umeanza kuwa wa kijivu, alimwacha na jirani akaenda hospitali. Hakuwa na mpango. Alitaka tu kumwomba sista wa wodi aje nyumbani, amwambie huyu mjinga kwamba anakufa.

Mlinzi wa getini alimfahamu miaka mingi. Akasimama mbele yake akiona haya. "Bi Kufuli, samahani mama yangu. Jina lako limeletwa hapa. Nimeambiwa usipite."

"Mdogo wangu yuko hali mbaya."

"Naelewa. Lakini mimi ni mtu wa kuagizwa. Keti pale kivulini kwanza."

Aliketi kwenye ukingo wa saruji, mkoba mapajani, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. Watu walipita na vyombo vya chakula, na mito, na watoto. Baadaye kengele ikalia, lango likafunguliwa pande zote mbili, umati ukaanza kumiminika ndani. Mlinzi akampungia mkono.

"Haya, mama, pita."

"Si umesema jina langu limezuiwa?"

"Limezuiwa kwa wafanyakazi. Saa hii ni ya kuona wagonjwa, sikagui jina la mtu. Ruhusa ni ya wote. Kwani wewe si mtu? Pita kabla sijaulizwa."

Alipita. Alikuwa katikati ya ujia unaoelekea wodini aliposimama ghafla, mwanamume aliyekuwa nyuma akamgonga kwa chupa ya chai akamlaani. Hakusikia.

Hata ndani ya hifadhidata kulikuwa na ruhusa ya namna hiyo. Jedwali linaweza kufunguliwa kwa mtu, kwa jukumu, au kwa wote, yaani kila aliyeingia, awe yeyote. Na huyo "wote" si mtumiaji wala si jukumu. Ukiorodhesha watumiaji hayumo. Ukiorodhesha majukumu hayumo. Orodha waliyoitoa siku ile iliuliza kila mwenye jina amepewa nini. Asiye na jina hakuulizwa. Yeye alipoajiriwa, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuifuta ruhusa hiyo kila mahali. Alikuwa ameisahau kama mtu anavyosahau kisima alichokifukia kwa mikono yake.

Hakuenda wodini. Alipanda ngazi mbio hadi kwa mkaguzi.

"Hupaswi kuwa humu," mkaguzi akasema, akiinuka.

"Najua, mzee wangu. Niite mlinzi ukitaka, lakini kwanza uliza kitu kimoja. Siku ile tuliuliza watu wana ruhusa gani. Sasa uliza jedwali lenyewe: wewe umemruhusu nani?"

Mkaguzi alimtazama, mwanamke mwenye nywele timtim na kiatu kimoja kimefunguka kamba. Pengine alimwonea huruma, pengine alikuwa tu mtu asiyependa swali libaki bila jibu. Akaketi. Akaandika. Mistari ikatokea, na chini kabisa ukawepo mstari usio na jina la mtu. Wote: kusoma, kuingiza, kubadili, kufuta.

"Wote ni nani?" akauliza.

"Kila aliyewahi kupewa neno la siri la kuingia humu. Karani. Mfamasia. Programu ya ujumbe."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mkaguzi akaondoa mikono juu ya kibodi kana kwamba imemuunguza. Kisha akarudi kwenye utaratibu wake. "Hii inasema kila mtu angeweza. Haisemi nani alifanya. Wewe bado umo."

"Nimo," Bi Kufuli akakubali. "Mwite bosi wangu. Ruhusa hii huwezi kuitoa bila akaunti kuu, na mimi sikuitoa."

Mkuu wa mifumo alikuja akitabasamu, akausoma mstari ule, tabasamu likamwishia. Alikaa bila kualikwa. Akasimulia huku akitazama sakafu. Hospitali ilinunua programu ya kuwakumbusha wagonjwa zamu zao kwa simu. Fundi aliyeifunga alilalamika kutwa kwamba inakataliwa huku, inakataliwa kule. Bi Kufuli alikuwa likizo. "Nikamwingiza kwa akaunti kuu, nikamwambia afungue tu ifanye kazi, tutafunga baadaye."

"Na programu hiyo hufanya nini mgonjwa asipojibu ujumbe?" mkaguzi akauliza.

Hakujua. Wakaijaribu kwenye nakala ya hifadhidata, kwa mgonjwa wa kubuni na namba ya simu isiyopatikana. Programu ikatuma ujumbe, ikakumbusha, ikanyamaza. Walipofungua jedwali, mgonjwa wa kubuni hakuwemo. Mtengenezaji aliona asiyethibitisha ameacha matibabu, na aliyeacha hana haja ya kuchukua nafasi. Namba ya fundi cherehani iliyokuwa kwenye kumbukumbu ilikuwa ya laini iliyopotea zamani.

Mkaguzi akatoka kwenda kumwita mkurugenzi. Wakabaki wawili.

"Nilipokuwa nimesimama mbele yenu siku ile," Bi Kufuli akasema, "ulikumbuka?"

"Siku ile, hapana. Nilikumbuka nilipofika nyumbani."

"Na kesho yake?"

Mkuu wa mifumo akarudisha macho sakafuni.

"Nilikupigia simu. Mdogo wangu yuko kitandani anakufa kwa ajili ya kiti kile."

"Nina watoto," mkuu wa mifumo akasema, na hapo akaanza kulia, na Bi Kufuli akagundua hana nafasi moyoni ya kumwonea huruma wala kumchukia. Alichukua mkoba wake akaondoka kabla mkurugenzi hajafika.

Nyumbani alimkuta kinyozi ameshikwa mabega na jirani ili asianguke. Akachuchumaa mbele yake.

"Nisikilize. Ni programu. Ilikuwa inatuma ujumbe kwenye simu, na asiyejibu inamfuta. Simu yake ilikuwa haipatikani. Hakuna aliyemfuta kwa ajili yako. Umesikia? Hakuna."

Ilimchukua muda kupata pumzi ya kusema. "Amekufa kwa kutopokea simu?"

"Ndiyo."

"Basi?"

"Basi, mdogo wangu. Hakuna kingine."

Alilia bila sauti, maana sauti ilihitaji hewa. Kisha akanyoosha mkono ashikwe. "Nipeleke. Ila si kiti kile."

Sista wa wodi hakuuliza kitu. Alimhamishia mgonjwa mwingine dirishani, akamweka kinyozi karibu na mlango, akamchoma sindano mwenyewe. Alipona, kama hali ile inaweza kuitwa kupona. Moyo wake ulikuwa umebeba maji kwa muda mrefu mno, na daktari alisema kazi ya kusimama kutwa asahau. Chumba chake cha kunyolea kilipangishwa kwa mtu wa kuuza viatu.

Bi Kufuli alirudishiwa kitambulisho kwa barua ya sentensi mbili. Neno la samahani halikuwemo, na hakulitafuta. Mkuu wa mifumo alihamishiwa ofisi nyingine. Siku ya kwanza kazini Bi Kufuli aliifuta ruhusa ya wote kwenye jedwali la zamu na kila jedwali lingine ilikopitishwa, akaiundia programu ya ujumbe jukumu lake dogo la kusoma, akaorodhesha tena. Majukumu, kisha majedwali. Akarudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kila alipomaliza, mikono haikumwamini.

Siku nyingine, mdogo wake alipopata nguvu za kutembea kidogo, walikwenda kwa yule mjane, mume wa fundi cherehani. Aliwakaribisha, akawaweka kwenye viti karibu na cherehani iliyofunikwa kitambaa. Bi Kufuli akamweleza yote, kwa maneno mepesi kadiri alivyoweza: laini iliyopotea, programu, ruhusa iliyoachwa wazi. Mzee alisikiliza bila kumkatiza.

"Nimekuelewa," akasema mwishoni. "Sasa nikuulize na mimi. Mke wangu alisimama kwenye lile dirisha, uso umevimba, anahema. Karani alimwona?"

"Alimwona."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Basi mimi hayo ya kompyuta hayanihusu sana, mwanangu. Mtu alikuwa amesimama pale."

Kinyozi, mtu wa maneno, aliangalia mikono yake. Mzee akasema anataka kupumzika.

Kesho yake alikwenda kuketi na karani wa mapokezi, binti aliyekuwa amekonda tangu msiba ule. "Bi Kufuli, ningefanyaje?" binti akasema kabla hajaulizwa. "Skrini ilisema halimo. Sikuwa na ruhusa ya kumweka kwenye zamu."

"Hukuwa nayo," Bi Kufuli akasema. "Mimi ndiye niliyekunyima."

Alimwandikia mkurugenzi ombi, akalifuatilia mpaka likasainiwa: karani akiona mgonjwa amezidiwa na jina halimo, amwandike kwenye zamu ya siku hiyo, sista aitwe papo hapo, sababu itafutwe baadaye. Akaingiza ruhusa hiyo kwenye jukumu la mapokezi, akamwonyesha binti pa kubonyeza. Binti alibonyeza kwa majaribio, akauliza kama akikosea atafungwa.

"Ukikosea niite," Bi Kufuli akamwambia. Kisha akashuka wodini, maana ilikuwa siku ya mdogo wake, na alikuwa hapendi tena kuchomwa sindano dada yake akiwa mbali.